Mwaka Kambi Ilipohama

Magesa alizikwa Kimwani mwezi uliopita, nyuma ya nyumba yake, pembeni ya shamba la mahindi lililokuwa limeanza kukauka. Nilichelewa kwa sababu gari letu kutoka Bukoba lilisimama sana Muleba mjini, na nilipoingia uani watu walikuwa wameshatoka kaburini na wanagawiwa chakula. Mjane wake alinitambua kabla sijafika kwenye mkeka. Alinishika mkono, akaniketisha karibu yake, na baada ya pole zangu akaniuliza, "Mwalimu, yule mbwa wetu aliishia wapi?" Nikamwambia aliishi kwetu Nshambya mpaka akazeeka, na kwamba tulimzika kibanjani, kwenye migomba. Akaitikia kwa kichwa, akasema marehemu alikuwa akiuliza mara nyingi. Njia nzima ya kurudi Bukoba niliangalia nje ya dirisha nikiufikiria mwaka ule niliokaa kisiwani. Watoto wangu wanaujua kwa vichekesho vyake tu, vile vya mbwa. Sehemu nyingine sijawahi kumsimulia mtu, labda kwa sababu ndani yake hakuna tukio kubwa. Ni mwaka ambao watu waliondoka, mmoja mmoja, mimi nikiwaangalia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, chuo nimemaliza, ajira hakuna. Kanisa letu lilikuwa likitafuta vijana wa kujitolea kwenda visiwani Muleba kufundisha watu wazima kusoma na kuandika kwenye kambi za wavuvi, na nilikubali upesi kuliko wenzangu kwa kuwa nilichoka kuulizwa kila siku kama nimepata kazi. Nilipewa chumba cha mabati, ukuta mabati, paa mabati, chini mchanga. Ndani kulikuwa na kitanda cha miti, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili za maji na msumari mmoja wa kutundikia nguo. Mchana joto lilinitoa nje, na mvua ikinyesha sikuweza kufanya lolote ila kukaa na kuisikiliza. Kushoto aliishi Magesa, Mjita wa kutoka upande wa Mara, mwenye mitumbwi miwili ya sangara, pamoja na mke wake na watoto. Kulia aliishi Mama Bigambo, Mkerewe, mjane, aliyekuwa akinunua dagaa kwa wavuvi, akiwaanika na kuwauza kwa gunia. Kati yangu na wao kulikuwa na bati moja moja tu. Nilijua Magesa akikohoa na nilijua Mama Bigambo akikoroga uji. Nilijua pia kwamba waliniita "yule Mhaya", na kwamba walikubaliana, kila mmoja kwa wakati wake, kuwa Wahaya tunajisikia na kwamba sitamaliza miezi mitatu.

Hawakunichukia, hilo nataka lieleweke. Nilipopita watu walinisalimia, na nilipoomba maji mtoto alitumwa kunichotea. Lakini waliokuwa wakiongea Kijita au Kikerewe wakiniona nakaribia walihamia kwenye Kiswahili kwa heshima, na kwa Kiswahili mazungumzo yalikuwa mafupi. Mtu aliyekuwa akicheka sekunde chache kabla alianza kuniuliza habari za Bukoba. Nilikuwa nikimaliza kumjibu, nikaaga, na nikiwa nimegeuka tu nasikia kicheko kinaendelea pale kilipoachwa. Chakula ndicho kiliniuma zaidi. Kwetu mtu akipita wakati wa kula anaitwa, hata kama sufuria ni ndogo. Pale kila nyumba ilipika kwa saa zake kwa sababu wavuvi wa dagaa walirudi asubuhi na kulala mchana, na wa sangara walitoka jioni. Mara moja boti kutoka bara ilileta ndizi, nikanunua mkungu mzima, nikapika ebitoke na maharage kama mama anavyopika, sufuria iliyojaa, nikaacha mlango wazi. Nilikaa mlangoni mpaka chakula kikapoa. Watu walipita, wakasema karibu nyumbani, Mwalimu, kana kwamba wao ndio wanaokula, wakaendelea. Nilikula kile chakula siku mbili.

Mbwa alikuja mwenyewe. Jike la Magesa lilikuwa limezaa chini ya mtumbwi mbovu uliofunikwa ufukweni, watoto wengine wakachukuliwa, akabaki mmoja wa kahawia, mwembamba, mwenye mguu mmoja mweupe. Siku moja alipenya chini ya bati akaingia chumbani kwangu, akalala juu ya kanga yangu. Nilimrudisha, akaja tena. Nilipomrudisha mara nyingine Magesa alikuwa anashona wavu, hakuinua hata uso. "Mchukue tu, Mwalimu," alisema. "Mtu hakai chumbani peke yake kama gunia." Magesa alikuwa na redio kubwa aliyoiendesha kwa betri ya gari, na kila jioni wanaume walikusanyika mlangoni kwake kusikiliza taarifa ya habari. Ngoma ya kuanzia habari ilipolia, yule mtoto wa mbwa alikuwa akinyoosha shingo na kubweka kwa sauti ndefu ya huzuni mpaka ngoma iishe, kisha akanyamaza na kulala, kama mtu aliyemaliza sehemu yake. Watu walicheka mpaka wakakosa kusikia habari zenyewe. Ndipo wakamwita Taarifa. Kuanzia hapo nilikuwa na sababu ya kusimama pale mlangoni jioni, maana mbwa wangu alikuwa pale.

Sababu nyingine ya kujuana na watu mbwa huyo aliileta kwa wizi. Dagaa huanikwa mchangani kwenye nyavu kuukuu, mistari mirefu inayong'aa kama bati jipya, na Taarifa aliona kwamba zile zote ni sahani yake. Mama Bigambo alikuja mlangoni kwangu akiwa amemshika shingoni.

"Mbwa wako amekula dagaa wangu na waliobaki amewakanyaga," alisema. "Unafundisha watu wazima, mtoto wa mbwa amekushinda?"

Niliomba radhi, nikasema nitalipa. Hakutaka kulipwa. Alitaka nikae na mbwa wangu pale anapoanika dagaa asubuhi nzima, nifukuze ndege, ili yeye apate kwenda kulala. Basi nikakaa. Kunguru walikuwa wengi, na wale korongo wakubwa wenye vichwa vya upara walitembea polepole kuelekea dagaa kama wazee wanaokwenda kikaoni. Taarifa aliwaogopa mwanzoni, akawa anajificha nyuma ya miguu yangu. Siku moja mmoja aliruka kwa sababu zake mwenyewe, mbwa akadhani ni yeye aliyemrusha, na tangu siku hiyo hakuna korongo aliyetua kwa amani. Wanawake wengine wakaomba tuwalindie na wao. Asubuhi zangu zikawa za ufukweni, mchana usingizi wa kambi nzima, na saa tisa darasa kwenye chumba cha mabati kilichotumika kama kanisa siku ya Jumapili, nikiandika kwa chaki kwenye ubao wa mbao tulioupaka rangi nyeusi. Nikiwa nimekaa na wale wanawake nilianza kugundua kwamba Kikerewe kinafanana na Kihaya kuliko nilivyodhani. Siku Mama Bigambo alipomsema mwenzake kuhusu nywele zake, mimi nikacheka kabla sijajizuia. Alinitazama muda. "Kumbe unasikia," alisema, na baada ya hapo hawakuhangaika tena kubadilisha lugha.

Darasani Mama Bigambo alikaa nyuma, karibu na mlango, akijifanya amekuja kupumzika. Alikuwa na binti Ukerewe, anaishi kwa shangazi yake, na binti alikuwa akimtumia ujumbe kwenye simu. Tatizo lilikuwa kwamba kila ujumbe ulipoingia ilimbidi atafute mtu wa kumsomea. Mwenye duka alisoma kwa sauti mbele ya wateja, vijana walisoma huku wakitabasamu, na jioni kambi nzima ilijua kwamba binti yake anaomba viatu au amegombana na shangazi. Aliponipa mimi simu alinipeleka kwanza nyuma ya nyumba. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi na mkavu. Shikamoo mama, mimi mzima, shangazi mzima. Mama Bigambo alisikiliza, akaichukua simu, akakiangalia kioo chake. "Mtoto wangu ana maneno mengi kuliko haya," alisema. "Hapa anaandikia watu." Hiyo ndiyo sababu aliyokuja nayo darasani, na sikuwahi kupata mwanafunzi mwenye sababu nzuri zaidi.

Mambo ya dunia yalitufikia kupitia kwenye ile redio ya Magesa. Siku hizi habari inakufuata mpaka chooni, kila mtu Bukoba anayo mfukoni na kila mtu ameshachoka nayo, lakini pale habari ilikuwa na saa yake, na watu waliikalia kama chakula. Jioni moja mtangazaji alizungumza juu ya mtikisiko wa uchumi, mabenki makubwa ya ng'ambo yanafungwa, watu wanapoteza nyumba. Siku kadhaa baadaye boti ya kiwanda, ile iliyokuwa ikileta barafu na kuchukua sangara, ilikuja na bei ya chini, na safari iliyofuata bei ikashuka tena. Watu wakamwuliza Magesa, kwa kuwa ndiye mwenye redio.

"Huko Ulaya na Marekani watu wameshindwa kulipia nyumba zao," alisema.

Kijana mmoja akauliza, "Nyumba zao na sangara wangu wapi na wapi?"

Magesa alifikiri. "Asiyeweza kulipa nyumba haendi hotelini," alisema. "Na minofu ya sangara yote inaliwa hotelini. Sasa hivi tunavyoongea, hawali."

Hakuna aliyecheka. Nakumbuka nilirudi chumbani, nikasikia kupitia kwenye bati Magesa akimweleza mke wake habari ile ile kwa Kijita, polepole, na mke akauliza swali moja tu fupi. Nilikuwa nimesoma uchumi kidogo chuoni. Nilijua maneno yote yale ya redio na ningeweza kuyaandika ubaoni. Lakini ni pale, nikiwa nimelala chali na mbwa miguuni, nilipoelewa kwamba mtu wa mbali asiyekujua anaweza kuacha kula, na wewe ukahama.

Boti ya barafu ikaanza kupitisha wiki bila kuja. Bila barafu sangara ni wa kula siku hiyo hiyo au kubanika, na watu walibanika mpaka wakachoka. Kisha wakaanza kuondoka. Wengine walirudi kwao, wengine walisikia habari za dhahabu upande wa Geita, wengine za mashamba Kimwani. Sikuwa najua kwamba kambi inapohama inahama na nyumba zake. Mtu alipoondoka aling'oa mabati yake, akayafunga kwa kamba, akayapakia kwenye boti, zikabaki nguzo zimesimama na alama ya kitanda mchangani. Mwenye duka aliondoka na jenereta lake, ikawa simu hazichajiwi tena ila kwa wale wenye betri. Dagaa walikuwa bado na soko, lakini wavuvi wake nao walifuata wenzao, kwa sababu kambi tupu inatisha. Darasa lilipungua hadi nikawa sihitaji ubao, nakaa nao kwenye mkeka. Magesa aliondoka asubuhi ya mawingu. Aling'oa mabati ya pande tatu, na alipofika kwenye lile lililotutenga alisimama na nyundo mkononi, akaniangalia, akaweka nyundo chini. "Hili acha likae," alisema. "Nitakuachaje wazi." Aliniachia na ile betri ya gari, kwa kuwa boti ilijaa. Mke wake alinikumbatia, na boti ikaondoka na redio. Jioni ile, saa ya habari ilipofika, Taarifa alikwenda kukaa penye mlango wa Magesa usiokuwepo, akiangalia nguzo. Hakubweka. Nilimwita, akaja baada ya muda.

Kulikuwa na mwamba nyuma ya kambi ambapo simu ilishika mtandao. Nilipopanda nikakuta mchungaji aliyetusimamia, aliyekuwa Muleba, ananitafuta kwa simu. Aliongea kwa upole. Alisema amesikia kambi imekwisha, kanisa halina tena sababu ya kunilipa posho ya chakula, nipande boti ya kwanza nirudi nyumbani. Nikamwambia bado nina mwanafunzi. Akauliza wangapi. Nikasema mmoja. Akasema, "Binti yangu, mtu mmoja si darasa." Alikuwa na haki, na sikubishana naye. Nilisema nimesikia, nikakata simu, nikashuka, na saa tisa nikamkuta Mama Bigambo ameshakaa kwenye mkeka. Sikumwambia. Nadhani alijua, kwa sababu siku hiyo baada ya somo alichukua sufuria yangu akaipeleka kwake. "Wanawake wawili tunawasha moto miwili kwa sababu gani?" alisema. Hivyo ndivyo nilivyoanza kula na mtu, mwezi wa tisa tangu nifike. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa, kila siku, bila kuongea sana, mbwa katikati yetu akipokea upande huu na upande ule.

Mama Bigambo alibaki kambini kwa sababu ya kaburi. Mume wake alikuwa amezikwa upande wa pili wa mwamba, yeye na wenzake waliozama siku moja. Alinipeleka kuliona. Hakulia, aling'oa majani huku akinieleza kwamba alikuwa mtu wa utani, na kwamba mvua mbili tu bila mtu, pale patakuwa kichaka na hakuna atakayejua kama kuna watu. Kambi tupu ilikuwa na sauti zake, maji, kunguru, kamba iliyokuwa ikigonga nguzo mahali fulani na hatukuipata. Mchana, nikiwa nimelala, nilianza kusikia Mama Bigambo akinong'ona upande wa pili wa bati, kidogo kidogo, akirudia rudia. Nilidhani anamwombea mume wake, nikaona aibu kusikiliza. Siku moja mvua ilikatika ghafla na sauti yake ikabaki peke yake hewani, ikisema, "Sa. Bu. Ni. Sabuni. Ya. Ku. Fu. Li. A." Alikuwa anasoma karatasi ya mche wa sabuni. Nililala pale nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga ili nisipige kelele za furaha.

Ujumbe wake wa kwanza tuliuandika kwenye mwamba, mchana mzima, mimi nikimwonyesha tu herufi iko kwenye kitufe kipi. Alitaka useme kwamba mama anasoma mwenyewe sasa, usiogope, andika. Aliutuma, akaizima simu ili chaji isiishe. Kila siku tulipanda, akaiwasha, tukakaa, akaizima, tukashuka, Taarifa akitangulia. Ulipoingia mlio, mimi, kwa mazoea, nilinyoosha mkono. Yeye hakunipa. Alinitazama kwa muda mfupi kama anayeomba samahani, kisha akageuka, akanipa mgongo. Niliona mabega yake na kidole chake kikitembea kwenye kioo. Ulikuwa ujumbe mrefu. Alipoumaliza alianza upya. Taarifa alimlalia miguuni, naye hakumfukuza.

"Kuna heri?" nikamwuliza mwishowe.

"Ni ya kwangu, Mwalimu," alisema. Hakusema kwa ukali.

Sikujua kilichoandikwa na sijajua mpaka leo. Jioni alipika kama kawaida, tukala, na baada ya kunawa akasema ataondoka na boti yoyote itakayotangulia, mtoto anamhitaji. Siku mbili zilizofuata alikuwa kwenye kaburi. Boti ilipokuja alikuwa tayari na mabati yake ameyafunga. Alinishika mikono yote miwili, akaniita kwa jina langu, Koku, mara ya kwanza. Kisha akapanda. Taarifa aliingia majini kuifuata boti, akaogelea mpaka nikaogopa, nikamwita na kumwita. Aliporudi hakuja kwangu. Alitoka majini akaenda moja kwa moja pale palipokuwa na mlango wa Mama Bigambo, akajikung'uta, akalala. Mimi nilitaka kulia kwa furaha kwamba amejua kusoma na nilitaka kulia kwamba amejua kusoma, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunizuia nililia vyote viwili kwa sauti. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikifanya kazi moja, na kazi ile ilipokamilika ilinitoa nje. Nilibaki pale siku kadhaa nikisubiri usafiri. Asubuhi nilikwenda kung'oa majani kwenye kaburi la mtu ambaye sikuwahi kumwona, kisha nikakaa ufukweni mahali pasipo dagaa, na korongo walitembea mbele yetu bila mbwa kuwajali. Mwenye boti aliyenichukua hakutaka mbwa. Nilimwambia basi na mimi siondoki, na nadhani sura yangu ilimtosha, maana alisogeza magunia.

Nilipata kazi mwaka uliofuata, Bukoba, nikaifanya na nyingine baada yake, lakini madarasa ya watu wazima sikuyaacha. Nafundisha jioni tatu kwa wiki kwenye ukumbi wa kanisa, bila malipo. Juzi fundi mmoja wa baiskeli, mzee wa makamo, mpole, ambaye kwa miezi amekuwa akinipa simu yake nimsomee maneno ya mke wake aliye hospitali Mwanza, alisikia mlio mwishoni mwa somo. Aliitoa simu mfukoni. Wenzake walikuwa wameshaondoka, tulibaki wawili. Nilianza kunyoosha mkono. Yeye aligeuza kiti taratibu, miguu ya kiti ikilalamika sakafuni, akaelekea ukutani, akainamia kioo. Nilikusanya chaki zangu, nikatoka nje, nikavuta mlango.